Mafuta ya Ng'ombe Hayatupwi

Zwolle, Uholanzi
4 Novemba 2012

Mama mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwenu. Mmeamkaje? Mguu wa Baba unaendeleaje, na ng'ombe, na shamba la maharagwe? Sisi huku hatujambo, mimi na Gad, pamoja na huyu wa tatu ambaye hajafika lakini tayari anapiga mateke kama mpangaji anayedai ufunguo. Daktari anasema atafika mwanzoni mwa Januari.

Mama, kaa chini kwanza. Viza yako imetoka! Karekezi ameiona kwenye mashini yake ya mtandao pale dukani kwake Mbarara, na tiketi ni ya tarehe 22 Desemba, saa kumi alasiri. Utakula Noeli nyumbani kwangu. Nililia mpaka Gad akadhani uchungu umeanza.

Unajua kwa nini nililia. Mimba mbili zimeniponyoka katika nchi hii, na mara zote mbili niliamka hospitali nikimwangalia muuguzi ambaye hata jina langu lilimshinda kutamka. Huyu wa sasa, nataka mtu wa kwanza kumbeba baada yangu awe wewe. Sitaki kitu kingine chochote.

Sasa sikiliza habari za uwanja wa ndege, maana pale Entebbe wakati wa Noeli ni fujo tupu. Watu wote wanasafiri siku moja, na wanaokagua hawana subira. Fika mapema, saa tano asubuhi uwe umesimama. Kwanza utakutana na wanaopima mizigo. Sanduku lisizidi kilo ishirini na tatu. Halafu utakwenda kwa wakaguzi. Hapo utavua viatu na kila kitu cha chuma, na mkoba wako utapita ndani ya mashini. Chochote kinachomwagika, iwe maji, mafuta, asali au dawa ya kikohozi, kiende kwenye sanduku kubwa. Mkononi ubaki na karatasi zako na Biblia tu.

Na Mama, nakujua. Ukiambiwa jambo usilolipenda, nyamaza. Usianze kuwafundisha adabu.

Msalimie sana Baba.

Mwanao akupendaye,
Liliane


Nakivale, Rubondo
25 Novemba 2012

Liliane mwanangu,

Nakusalimu wewe na mkwe wangu Gad. Sisi tuko wazima kwa neema. Mguu wa baba yako ukiona mvua unalalamika, jua likitoka unasahau, sawasawa na mwenyewe. Unalalaje? Unakula? Usinyanyue vitu vizito, hata kama huko wanawake wananyanyua.

Juzi kwenye simu ulicheka Kiswahili changu cha misheni. Cheka. Walionifundisha kuandika kule milimani kwetu, kabla ya vita, walinifundisha kwa Kiswahili, na kalamu yangu haijui kingine. Tena simu yenu inakula maneno. Barua haili kitu. Karekezi anaipiga picha pale dukani, na kesho yake unaisoma.

Habari ya viza imeenea kambini, Rubondo nzima. Nyirabizimana ameleta maharagwe ya mtoto wake aliyeko Rotterdam, Georgette ameleta kitenge cha dada yake, na mchungaji ameleta bahasha tatu. Kwetu mtu hasafiri peke yake, unajua. Baba yako naye amenifanyisha mazoezi. Anasimama mlangoni na fimbo yake, anapiga kelele, "Viatu!" Navua. "Pita!" Napita. Jana alinirudisha mara nne akisema nimetembea kwa wasiwasi, na ng'ombe wa jirani wakala mboga zangu tukiwa katika mchezo huo.

Na mimi siji bure. Gaju umemsikia kwa jina tu. Ndiye yule ndama ambaye baba yako alilipwa baada ya kumchungia mtu wa Endiinzi miaka minne, na sasa amezaa na anakamuliwa vizuri. Nimesukasuka maziwa yake wiki sita, nimechemsha mafuta mwenyewe, yamejaa kibuyu kizima. Hakuna aliyeonja. Baba yako ananusa na kupita. Mafuta ya mzazi huonjwa kwanza na mwenyewe aliyejifungua.

Usiwe na wasiwasi kuhusu huo uwanja. Nimevuka mito iliyojaa, nitashindwaje na mlango?

Mama yako,
Kantengwa


Mbarara
23 Desemba 2012

Liliane mwanangu,

Nakusalimu. Natumaini hujambo, na wa tumboni hajambo. Mimi ni mzima. Niko Mbarara kwa Karekezi, kwa hiyo unajua tayari kwamba sikupanda ndege. Alipokupigia simu nilikataa kuipokea, kwa sababu jambo hili halisemeki kwa vipande. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nilifika saa tano kama ulivyosema. Karekezi aliniacha mlangoni akawahi basi la kurudi. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wengine na televisheni zimefungwa blanketi, wengine na watoto wanaolia. Nilisimama saa mbili kabla ya kufika kwa msichana wa mizani. Alikipokea kitabu changu cha safari cha mkimbizi, akakigeuza mbele na nyuma.

"Hii ni passport ya wapi?"

Nikamwambia ni ya serikali yao wenyewe. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa mwingine, wakakipitisha mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka. Kisha msichana akaniuliza naenda kwa nani.

"Kwa mutoto wangu."

"Jina yake?"

"Liliane Nyirakamana."

"Na wewe ni Kantengwa. Jina ya familia iko wapi?"

"Kwetu kila mutu iko na jina yake. Bwana yangu naye ni Musoni."

Akacheka, akamwambia mwenzake, "Hawa watu, hakuna anafanana na mwingine hata kwa karatasi!" Nikanyamaza, Liliane. Nilikukumbuka nikanyamaza. Akauliza kwa nini watu wote wa Nakivale wamezaliwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Nikamwambia ni siku nzuri ya kuzaliwa. Basi akagonga muhuri, na sanduku likaenda, kilo ishirini na tatu kamili.

Kwa wakaguzi nilivua viatu. Mashini ikalia. Ilikuwa pini iliyofunga mushanana wangu begani. Nikatoa pini, ikalia tena, ilikuwa ya pili. Nikapita nikishikilia nguo kwa mkono mmoja, mwanamke wa umri wangu, mbele ya vijana. Hilo nalo nilinyamaza. Ndipo askari mmoja akafungua mkoba wangu, akatoa kibuyu.

"Mama, hii nini?"

"Ni mafuta ya ngombe. Ya muzazi."

"Mafuta haipiti. Weka kwa pipa."

Nilidhani anatania. Nikamwambia si kitu cha kumwagika, yameganda, atazame. Akakiinamisha. Asubuhi yalikuwa yameganda, lakini joto la Entebbe lilikuwa limenisaliti, yakatembea ndani kama maji. Nyuma yangu watu wakaanza kugomba. Mwanamume mmoja mwenye tai akasema, "Mama, tupa tu, utanunua ingine huko." Nikamgeukia nimjulishe kwamba haya hayauzwi popote. "Hii habaiuzishaka fasi yoyote."

Naam, ulisema mafuta yaende kwenye sanduku kubwa. Nilisoma. Lakini mafuta ya mzazi hayalazwi pamoja na viatu, wala hayarushwi na watu wasioyajua. Yanabebwa wima, mkononi mwa mwanamke. Wewe ni binti yangu, unajua hivyo.

Akaja mkubwa wao. Huyo alikuwa mtu wa heshima. Akasema, "Mama, sheria ni sheria. Ndege inafunga. Chagua." Nikaomba nitoke nje nimtafute mtu wa kumwachia. Akasema nikitoka naanza mstari upya. Nikatazama pipa. Lilikuwa limejaa chupa za maji, na mafuta ya nywele, na ndizi iliyoumwa nusu. Nikamwambia hivi, kwa sauti, na sijutii:

"Bwana, miye nilikimbia vita mara tatu, na sijamwanga maziwa. Leo ni Noeli, hakuna mutu ananipiga risasi. Nitayamwanga sababu ya nini?"

Akanirudishia kibuyu. Nikakaa kwenye benchi, miguu mitupu, kibuyu mapajani. Waliniita kwenye kipaza sauti mara tatu, kila mara jina wameliharibu kwa namna mpya. Kisha ikawabidi kulitafuta sanduku langu tumboni mwa ndege. Walichukua nusu saa. Ndege nzima ilisubiri maharagwe ya Nyirabizimana.

Nilipanda basi la kurudi kichwa kikiwa juu. Sikulia mpaka tulipopita Masaka.

Karekezi anasema viza bado ina siku. Tafuteni ndege nyingine, mwanangu. Nitakuja.

Mama yako,
Kantengwa


Zwolle
19 Januari 2013

Mama,

Msalimie Baba. Tuko wazima.

Mtoto alizaliwa tarehe 29 Desemba, mapema kuliko walivyosema. Ni msichana, anaitwa Divine. Theluji ilikuwa imefunga barabara. Gad alikuwa kazini kwenye zile nyumba za vioo wanamolima nyanya, na alipofika yote yalikuwa yamekwisha. Nilizaa mikononi mwa muuguzi yuleyule. Jina langu bado linamshinda.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nasikia Karekezi anasimulia habari hiyo dukani kwake, na watu wanapiga makofi akifika pale uliposema, "Leo ni Noeli, hakuna anayenipiga risasi." Huku hakuna aliyepiga makofi. Huku nilikuwa nimetandika kitanda chako, nimeweka na blanketi la pili kwa sababu unasikia baridi.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Wamekusimamisha pale, upande huu kibuyu, upande huu mimi, wakakwambia uchague. Ukachagua kibuyu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba umeniandikia ukijisifu.

Tiketi imekufa. Viza nayo itakwisha Machi, na Gad hana tena nguvu ya kuanza upya. Usipige simu. Nikipata nafasi ya kuandika nitaandika.

Liliane


Nakivale, Rubondo
10 Februari 2013

Liliane mwanangu,

Nakusalimu, ingawa wewe hukunisalimu. Namsalimu Divine. Jina lake nimelitamka asubuhi na jioni mpaka baba yako akaanza kumwita ng'ombe kwa hilo. Maziwa yanatoka vizuri? Mgongo unauma? Ujifunge tumbo kwa kitambaa kirefu, usiwasikilize wanaosema ni ya zamani.

Pale chini umeandika jina lako peke yake, bila neno "mwanao". Nimeliona. Baba yako naye aliliona, akaenda kwa ng'ombe, hakurudi mpaka jua limezama.

Ulikuwa na miaka tisa tulipofika Nakivale. Wewe unakumbuka michezo na wenzako. Mimi nakumbuka mstari. Mstari wa mahindi, mstari wa maharagwe, mstari wa mafuta ya kopo, kadi mkono huu, mkono huu umenyooshwa. Miaka na miaka mikono yangu ilinyooshwa ili ipokee. Chumvi ya mtu, sabuni ya mtu, blanketi la mtu. Nashukuru, tusingeishi. Lakini nilipokuwa msichana, kwa Kabanda baba yangu, sisi ndio tuliokuwa tukigawa. Mimba yako ya kwanza nilisikia sina kitu. Ya pili nikasikia sina kitu. Kibuyu kile kilikuwa kitu cha kwanza, tangu tulipoacha milima, ambacho hakuna aliyenipa. Nilikitoa kwa ng'ombe wangu, kwa mikono yangu, kije kwako. Halafu mtu ananionyesha pipa.

Unasema nilijisifu. Ni kweli. Nina kiburi, na ni mzigo pekee ambao sikuuacha njiani.

Lakini nimelitazama jambo hili usiku na mchana. Kwa maziwa sikukosa. Kwako nimekosa. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yamo katika kifua kimoja, na yanaumizana humo. Mtoto wangu alizaa peke yake nami nilikuwa na mlango mbele yangu. Nisamehe.

Mafuta yako yapo. Hakuna aliyeonja.

Mama yako,
Kantengwa


Nakivale, Rubondo
2 Juni 2013

Liliane mwanangu,

Hujambo? Divine hajambo? Ameanza kukaa? Sisi hatujambo. Mvua ilinyesha vizuri, mahindi ya Rugaaga yamejaa sokoni. Sina neno jipya. Karekezi kaniuliza kwa nini nakuja mpaka Mbarara kutuma karatasi fupi hivi. Nikamwambia ajihusishe na mashini yake.

Naandika ili ujue kwamba huku mlango haukufungwa.

Mama yako


Zwolle
18 Agosti 2013

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Wewe na Baba hamjambo? Mguu je? Nisamehe ukimya. Barua zako zote nilizipata, na hiyo fupi ndiyo iliyonimaliza nguvu.

Divine ana meno mawili na hasira yako. Akinyimwa kitu halii, anakutazama tu mpaka uone aibu.

Nikwambie jambo. Siku nilipojifungua, yule muuguzi aliniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamjibu kwa uchungu kwamba mama yangu amebaki Uganda kwa sababu amekataa kutupa mafuta ya ng'ombe uwanjani. Akacheka. Mama, nilikuwa nimekukasirikia kuliko mtu yeyote duniani, lakini alipocheka nikamkasirikia yeye. Nikamweleza kwa Kiholanzi changu kibovu, mtoto kifuani, kwa nini hayatupwi, na kwamba mama yangu amevuka vita na hajamwaga hata tone. Akakaa kwenye kiti, akasema angependa kukuona. Hilo sikukuandikia Januari. Nilikuwa sitaki ulipate.

Na wiki iliyopita nilikuta maziwa yamechacha kwenye friji. Nikafungua bomba niyamwage, mkono ukagoma. Nilisimama hapo mpaka Gad akaja kuuliza naangalia nini. Tukayanywa. Tumbo limetuuma siku mbili, mimi na yeye.

Hasira yangu nilikuwa na haki nayo, na sijaimaliza yote, nakwambia wazi. Lakini nimechoka kuibeba. Gad amepeleka maombi mapya ya viza bila kuniambia, nimeyagundua juzi. Wakikubali, utakuja Noeli hii. Lete mafuta ukitaka, ila kwenye kopo la plastiki, ndani ya sanduku kubwa. Na kuna sharti moja. Ukifika pale mlangoni, chochote kitakachokuja kati yangu na wewe, panda ndege. Niahidi.

Mwanao,
Liliane


Nakivale, Rubondo
1 Septemba 2013

Liliane mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Gad, kwa mwenye meno mawili. Baba yako amesoma neno "mwanao" akanirudishia karatasi, kisha akaiomba tena.

Nimeahidi. Sijui kama unajua unachoniomba, lakini nimeahidi, na ahadi ni deni.

Maziwa yaliyochacha ya dukani hayanywewi. Nani kakwambia hayo ni maziwa?

Mama yako,
Kantengwa


Entebbe, uwanja wa ndege
21 Desemba 2013, saa tisa kasoro

Liliane mwanangu,

Hujambo? Divine hajambo? Naandika nimekaa ndani, upande ule ambao mwaka jana sikufika. Kuna viti vya chuma na wazungu waliolala. Barua hii haitapita kwa Karekezi. Nitakupa mwenyewe, uisome baadaye, kwa sababu mdomo wangu nikikuona hautajua kusimulia.

Mwaka huu watu ni wengi kuliko mwaka jana. Mstari ulianzia kwenye maegesho. Mafuta nilikuwa nimeyatia kwenye kopo la plastiki kama ulivyoagiza, kilo tatu, maana Gaju mwaka huu ametoa kuliko mwaka jana. Nikayalaza katikati ya nguo na viatu. Baba yako alitoka nje nilipokuwa nayalaza. Nilifanya hivyo kwa ajili yako.

Kwenye mizani, kilo ishirini na sita. Watu wa Rubondo walikuwa wamesikia kwamba nakwenda tena, na kila mmoja aliongeza kidogo. Msichana akasema, "Mama, punguza tatu. Nyuma watu wanangoja." Nikafungua sanduku sakafuni, nguo zangu za ndani zikaona Entebbe nzima. Nikatoa maharagwe ya Nyirabizimana. Mtoto wake hajala kitu cha mkono wa mama yake miaka sita. Nikayarudisha. Nikatoa kitenge cha Georgette, nikakirudisha. Bahasha, unga wa muhogo, kikapu cha bibi harusi wa Utrecht. Hivyo vyote si vyangu, nimekabidhiwa. Changu kilikuwa kimoja. Nikakitoa, sanduku likaenda.

Karekezi alikuwa nje ya kioo. Safari hii nilimwambia asiondoke mpaka ndege ipae. Alinipungia mkono nimletee kopo alirudishe nyumbani. Nikatikisa kichwa. Mwaka jana yalirudi na mimi, yakakaa nyumbani kama msiba, na kila aliyeingia aliyatazama. Hayatarudi mara ya pili. Na ndani hayapiti. Na pipa bado liko palepale.

Basi nikakaa kwenye benchi kabla ya mlango wa wakaguzi, nikafungua kopo. Nikasema jina lako kwa sauti, nikachovya kidole, nikaonja badala yako. Mzazi ameonja. Kwa hiyo sasa na wengine waweza kuonja.

Askari mwanamke akanijia mbio. "Mama, unafanya nini hapa? Hii si mahali ya kukula." Nikamweleza, polepole, mwanzo mpaka mwisho, na mwaka jana nikamweleza. Akanitazama. Akasema, "Mama, mimi natoka Endiinzi. Nyumbani kwetu hiyo kitu haitupwi." Akavua glavu moja, akanyoosha kiganja. Nikampaka kidogo, akalamba, akafumba macho. Halafu akawageukia wenzake akapiga kelele, "Nyinyi! Kuja muone siagi ya ukweli!"

Liliane, walikuja. Wakaguzi wawili wakaja, na mfagiaji, na masista wawili wa Kikongo wanaokwenda Roma, ambao walipoonja mmoja alisema, "Mama, hii inanikumbusha kwetu mingi," akalia. Mtu mmoja akatoa mkate na kijiko kwenye kopo lake la chakula, mkate akaukata vipande. Mzungu mwenye mkoba mgongoni akauliza ni nini, yule wa Endiinzi akamweleza kwa Kiingereza kwa muda mrefu kuliko nilivyomweleza mimi. Hata msichana wa mizani alikuja, ameacha mstari wake, nami nikampa kama wengine. Wakajipanga wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka kwenye nguzo. Mstari, Liliane. Na safari hii mimi ndiye niliyekaa mbele, na kijiko kilikuwa mkononi mwangu, na kila aliyenyoosha mkono alipata. Nilijiona binti wa Kabanda. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi ile akiwa na fahari kama yangu.

Nilikwangua kopo mpaka mwisho. Hakuna tone lililoanguka.

Ndipo nikapita. Viatu nikavua, pini nilikuwa nimeziacha nyumbani, mashini haikulia. Mkaguzi akaniuliza nina nini mkononi. Nikamwonyesha viganja vyote viwili, huku na huku. Alisema, "Pita, mama." Nikapita, na nilipofika upande huu nikakaa. Maana nimekuwa na fahari pale nje, na bado ninayo, lakini kwetu sisi hakuna mwanamke aliyekwenda kumwona mzazi bila kitu. Si mama yangu, si mama yake. Mimi nitakuwa wa kwanza. Naona aibu na naona furaha, na nimekwambia ili usije ukaniona nimenyamaza mlangoni ukadhani nimechoka na safari.

Wanaita ndege yetu. Wameliharibu jina langu tena, lakini nimelijua, nimeitika.

Nakuja mikono mitupu, mwanangu. Nikifika usinisalimu kwanza. Nipe mtoto.

Mama yako,
Kantengwa